Ndege Mgeni Nyumbani: Namna ya Kumsaidia Atulie

Ndege aliyetoka leo kwa mfugaji hajui kama umemchukua kumtunza au kumla. Uso mkubwa unaomkodolea macho, mkono unaoshuka kutoka juu, kishindo cha ghafla: kwake vyote hivyo ni mwewe, na hofu hiyo amezaliwa nayo. Mwongozo huu ni wa mtu aliyepata bajerigari (wale kasuku wadogo wa Australia wenye rangi ya kijani, njano au buluu), kokatieli (kasuku mdogo mwenye kishungi) au cherero (wale kasuku wadogo wa Afrika wenye mkia mfupi), awe Kampala, Mbale au Arua, na anataka ndege huyo ale vizuri, alale, na baadaye aje mkononi kwa hiari yake. Nitakayoeleza yanategemea jambo moja: ndege hutulia anapojua kinachofuata. Chakula kije saa ile ile, giza liingie saa ile ile, mtu yule yule aje polepole akitokea upande ule ule. Vitu vya kuchezea na maneno matamu ni nyongeza.

Kwanza jua ni ndege gani, na ametoka wapi

Wengi wakisikia kasuku wanamfikiria kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule wa misitu ya Mabira, Budongo na Kibale. Huyo muache msituni. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini) uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama zilimweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na kwa hiyo biashara ya kimataifa ya kasuku hao walionaswa porini ikapigwa marufuku. Hapa kwetu, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kukaa na mnyama wa porini nyumbani bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Akiletwa mlangoni kwenye gunia, usimnunue hata kwa huruma, maana pesa yako ndiyo itakayomrudisha mnasaji msituni kesho. Wapigie simu UWA.

Cherero nao wanahitaji uangalifu, kwa sababu wapo cherero wa porini wenye kichwa chekundu hapa hapa Uganda. Muulize muuzaji kama unaweza kuwaona wazazi wa ndege, kisha tazama mguu. Pete ya duara isiyo na maungio huvishwa kifaranga akiwa bado mdogo sana, kwa hiyo ni dalili nzuri kwamba amezaliwa tunduni. Ndege aliyenaswa porini atajipigapiga kwenye waya miezi na miezi, na hakuna mbinu yoyote hapa chini itakayomfidia alichopoteza.

Ukiweza kuchagua, chukua mdogo. Kwa bajerigari ni rahisi kumjua: michirizi myeusi ya kichwani hushuka mpaka karibu na mdomo, na baada ya miezi mitatu minne hivi paji la uso huanza kuwa na rangi moja. Mdogo huzoea haraka zaidi.

Andaa tundu kabla hajafika

Tundu liwe limesimama mahali pake, lina maji na chakula, siku moja kabla. Kumkalisha ndege ndani ya boksi huku wewe unafunga skrubu ni kumwongezea mateso bure.

Kwa bajerigari wawili usishuke chini ya sentimita 60 za urefu kwa 40 za upana na 40 za kimo, na kokatieli apewe kubwa zaidi. Urefu wa kwenda mbele ndio wa maana, kwa kuwa ndege huruka akienda mbele. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita 1.2 kwa hawa wadogo, la sivyo kichwa kitapita na kunasa. Fundi wa kuchomelea wa Katwe atakutengenezea tundu zuri kwa vipimo vyako, ila umwambie mapema asilipake rangi ya kubanduka, na ukilipokea lisugue lote kwa siki na brashi ngumu, ulisuuze, ulianike juani. Waya mpya wa mabati huwa na vumbi na matone ya zinki, na hawa ndege hupanda waya kwa mdomo. Zinki huwapa sumu.

Vijiti vya kutua vitoe kwenye mti. Matawi ya mpera yanafaa sana: ni magumu, yana gome zuri la kutafuna, na unene wake haulingani, kwa hiyo miguu haibanwi mahali pamoja kutwa nzima. Vijiti laini vya dukani, vyote vya unene mmoja, huleta vidonda kwenye nyayo. Tawi la mparachichi usilitumie kabisa. Osha matawi, yakaushe, yafunge usawa tofauti, na kijiti kimoja kiwe juu kabisa upande wa nyuma, kwani hapo ndipo mgeni atakapokimbilia.

Sasa mahali pa kuweka tundu, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndege wengi wa nyumbani hufa kwa ajili ya mahali. Tundu likae kwenye kona ya chumba ambacho watu wanapita, nyuma kuna ukuta, na kimo chake kiwe sawa na kifua au macho yako. Likiwa sakafuni, kila anayepita ni mwewe. Likiwa katikati ya chumba, ndege hana pa kuegemeza mgongo.

Jikoni hapana. Mapafu ya ndege huchukua hewa kwa ukamilifu kuliko yetu, na gesi mbaya humfikia kwanza. Ndiyo maana wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliingia migodini na ndege wadogo mpaka mwaka 1986. Sigiri inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kumuua ndege kabla wewe hujaumwa kichwa. Kikaango kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa moshi usioonekana unaoua ndege kwa dakika chache. Ongeza hapo dawa za mbu za kupuliza, dawa za mbu za kuchoma, moshi wa tadooba (kibatari) na jenereta iliyowekwa varandani. Udi na ubani pia, kwa nyumba zetu zinazopenda kufukiza siku ya Ijumaa: fukiza chumba kingine, funga mlango, fungua madirisha.

Kama nyumba ina mabati bila dari, chunguza joto la saa saba mchana pale unapotaka kuliweka tundu. Ukiweka mkono juu ya tundu na ukahisi joto linashuka kutoka kwenye bati, hapo si mahali pake. Na jua la dirishani lisimpige bila kivuli. Kwa walio Kabale na milima ya jirani shida ni kinyume: usiku ni baridi, kwa hiyo tundu likae mbali na dirisha na lifunikwe blanketi jepesi pande tatu.

Halafu siafu. Kundi likipita usiku, ndege aliye tunduni hana pa kukimbilia. Miguu ya meza ya tundu isimamishe kwenye makopo yenye maji na mafuta kidogo, au tundu litundike kwa waya uliopakwa grisi, na hakikisha halijagusana na ukuta wala pazia. Pazia lililogusa ni daraja.

Siku ya safari

Mchukue asubuhi, ili awe na mchana mzima wa kulijua tundu kabla ya giza. Boksi dogo la karatasi ngumu lenye vitobo vya hewa ni bora kuliko tundu kubwa la wazi: gizani ndege hutulia, na mahali padogo hajipigi. Chini weka kitambaa asiteleze. Kwenye taksi mpakate mwenyewe, usikubali awekwe nyuma na mizigo. Bodaboda iwe kwa umbali mfupi tu, boksi likiwa ndani ya kitenge kifuani mwako. Kabla ya kuondoka, mwombe muuzaji mfuko wa chakula kile kile alichokuwa akila, na umuulize anakipewa saa ngapi.

Saa za kwanza

Funga madirisha na mlango. Weka mdomo wa boksi kwenye mlango wa tundu, ufungue, na usubiri. Atatoka mwenyewe, pengine baada ya nusu saa. Usiinamishe boksi, usimtikise. Akishaingia, funga taratibu, funika upande mmoja wa tundu kwa leso ili apate pa kujificha, kisha uondoke.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Watoto wa jirani wamekuja, shangazi anataka kumwona, kila mtu anapiga mluzi. Waambie watoto waziwazi kwamba leo mgeni amechoka, watamwona kesho kutwa wakiwa wamekaa kwenye mkeka, mmoja au wawili. Mtoto anayeelezwa sababu huwa mlinzi mzuri kuliko mkubwa.

Chakula cha kwanza kitawanye pia karibu na kijiti anachopenda, na kama unaweza kupata suke zima la ulezi au mtama kutoka shambani, lifunge kwenye waya karibu naye. Watu wa Teso na Busoga wana bahati hapa, maana suke hilo wanalipata bila kununua. Ndege mwenye hofu ataogopa bakuli geni, lakini suke analijua kwa asili.

Usiku wa kwanza

Kwetu jua huzama karibu saa moja mwaka mzima, na hilo ni msaada mkubwa: ndege anahitaji usingizi wa saa kumi hadi kumi na mbili, na usiku wetu unatosha kabisa, mradi televisheni isimnyang'anye. Funika tundu pande tatu saa moja au saa moja na nusu, punguza sauti, na umfunulie kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Kila siku.

Usiku wa kwanza acha taa ndogo ya sola ikiwaka mbali. Mvua ikianza kupiga mabati saa nane usiku, au umeme ukikatika ghafla, ndege asiyeona kijiti chake ataruka gizani na kujigonga. Kokatieli wanajulikana hasa kwa hofu hii ya usiku. Ukisikia anapigapiga mabawa, washa taa, sema naye kwa sauti ya chini ukiwa mbali, na usifungue tundu mpaka amerudi kijitini.

Msome mwili wake

Keti kwenye kiti hatua mbili tatu kutoka kwenye tundu, ubavu wako ukimwelekea, na utazame kwa pembe ya jicho. Mwenye hofu hujibana: manyoya yamelala, mwili mwembamba na mrefu, shingo imenyooka, hatikisiki. Kokatieli mwenye hofu husimamisha kishungi wima. Hapo usisogee. Baada ya muda utaona manyoya yanalegea, anajikung'uta mara moja kama mtu aliyetua mzigo, kisha anageuza kichwa na kuanza kuchana unyoya mmoja wa bawa kwa mdomo, kutoka shinani hadi ncha. Ndege hachani manyoya akiwa na hofu. Akianza kuchana huku wewe umeketi pale, amekukubali kwa umbali huo, na kesho unaweza kusogeza kiti kidogo. Dalili nyingine njema ni kusimama kwa mguu mmoja, na ule mlio mdogo wa kusaga mdomo jioni kabla ya kulala.

Kujituna manyoya mchana kutwa ni jambo jingine. Ndege aliyetuna, macho nusu yamefumba, mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, huyo ni mgonjwa. Ndege huficha ugonjwa mpaka ashindwe, kwa hiyo ukiuona umechelewa tayari. Mtafutie daktari siku hiyo hiyo.

Tandika gazeti chini ya tundu ili usome kinyesi kila asubuhi. Kinyesi cha kawaida kina sehemu tatu: ya kijani au kahawia iliyoshikana, nyeupe, na maji kidogo. Siku ya safari kitakuwa cha majimaji kwa sababu ya woga, na hilo hupita. Kikiendelea hivyo kwa siku mbili, au kikiwa cheusi, au vikipungua sana, kuna tatizo. Ndege mdogo asiyekula kwa saa 24 yuko hatarini. Usidanganywe na bakuli lililojaa, kwa sababu anamenya punje na kuacha maganda juu; puliza maganda uone kilichobaki. Mwenye mizani ya jikoni ya gramu ampime kila wiki akishazoea: bajerigari wengi huwa kati ya gramu 30 na 40, kokatieli kati ya 80 na 100.

Chakula

Kwa wiki ya kwanza mpe alichozoea, kisha ubadilishe kidogo kidogo. Nafaka peke yake haitoshi. Ndege wanaokula mbegu tu hukosa vitamini A, na dalili huonekana puani na kooni baada ya miezi. Dawa yake iko sokoni Nakasero au Owino kwa bei ndogo: dodo (mchicha), sukumawiki, boga, karoti, papai. Osha majani vizuri, yatundike yakiwa na maji maji, maana wengi huanza kwa kunywa umande kabla ya kugundua kwamba yanaliwa. Akikataa leo, weka tena kesho saa ile ile. Alizeti iwe chache, ina mafuta mengi. Maganda ya yai yaliyochemshwa na kusagwa humpa chokaa.

Karanga na mahindi yaliyopata unyevu usimpe kabisa. Ukungu wake una aflatoksini, ambayo huharibu ini la mtu na huua ndege haraka zaidi. Vilevile parachichi, chokoleti, kahawa, pombe, chumvi, kitunguu na muhogo mbichi. Parachichi nalitaja mara ya pili kwa makusudi, kwa kuwa nyumba nyingi zetu zina mti wake uani na mtoto hutoa kipande kwa upendo. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni, yawe yale yale unayokunywa wewe.

Kutoka kwenye waya hadi mkononi

Siku tatu nne za mwanzo kazi yako ni kuleta chakula, kubadilisha maji, kusema maneno yale yale na kuondoka. Akishakula mbele yako bila kujibana, anza hivi, asubuhi na jioni, dakika kumi tu:

1. Keti karibu na tundu na usome kitu kwa sauti ya chini. Maneno yoyote, mradi sauti iwe moja.
2. Weka mkono nje ya waya, chini ya usawa wa kifua chake, mpaka aache kuujali.
3. Mpe suke la ulezi kupitia kwenye waya. Akila hata punje moja, hiyo ni kazi ya siku nzima, acha hapo.
4. Fungua mlango, ingiza mkono polepole kutoka chini ukiwa umeshika suke. Asubiri au asogee, uamuzi ni wake.
5. Sogeza suke ili alifikie kwa kukanyaga kidole chako. Ukiona amekanyaga, usitikisike wala kushangilia.
6. Mwisho, gusa taratibu sehemu ya chini ya tumbo kwa kidole, juu kidogo ya miguu, na useme neno moja, kwa mfano "panda". Lisibadilike.

Akijibana au akikimbilia nyuma, rudi hatua moja. Wapo wanaomaliza haya kwa wiki mbili, wapo wanaotaka miezi. Kumshika kwa nguvu ili "azoee" hubomoa yote. Na mabawa usimkate kwa haraka ya kumtawala: anayekatwa vibaya huanguka na kuumia mfupa wa kifua, halafu anakuogopa zaidi.

Nje ya tundu

Subiri mpaka anapanda kidole bila wasiwasi. Kabla ya kufungua, funga madirisha na uvute mapazia, kwa sababu kioo yeye hakioni. Zima pangaboi. Funika ndoo, mabeseni na sufuria zenye maji. Paka atoke nje ya nyumba, hata yule mpole. Atoke akiwa na njaa kidogo, yaani kabla ya mlo wa jioni, ili chakula cha tunduni kimrudishe chenyewe. Kumfukuza kwa taulo ni kuanza upya. Varandani bila tundu usimpeleke kamwe.

Kuku, ndege wa pili na daktari

Nyumba yenye kuku iwe na utaratibu: mhudumie ndege kwanza, kuku baadaye, au unawe mikono na ubadilishe viatu. Ugonjwa wa kuku wa Newcastle (mdondo) husambaa kwa nguo, viatu na vyombo. Madaktari wengi wa mifugo hapa wamezoea ng'ombe na kuku, kwa hiyo tafuta mapema aliyewahi kutibu ndege wa tunduni; Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha tiba ya mifugo, na ofisa mifugo wa wilaya anaweza kukuelekeza. Mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi kisichopona, amwambie daktari wake kwamba kuna ndege wa jamii ya kasuku nyumbani.

Ukileta ndege wa pili, mweke chumba kingine kwa siku 30, vyombo vyake mbali. Baadaye matundu yakae jirani wiki moja au zaidi, wasikilizane na kulala usawa mmoja. Kisha wakutane kwenye tundu lililopangwa upya, vijiti vimehamishwa ili lisiwe la mwenyewe yeyote, vyombo vya chakula viwili, na wewe ukiwepo. Kusukumana kwa kijiti ni kawaida. Wakiumana miguu mpaka damu itoke, watenganishe hapo hapo, ujaribu tena baada ya wiki mbili. Cherero jike kwa jike ndio wagumu zaidi, na wengine hawakubaliani kabisa. Hao waachie kila mmoja tundu lake.